Taa Mia Sita na Kumi na Mbili

Mwalimu Gwantwa alipanda kilima cha kituo cha anga saa tisa alasiri, amekuja kulalamika. Mkononi alikuwa na picha kumi na moja alizozifunga kwenye khanga, pamoja na kichujio cha kioo cha darubini yake, alichokisugua mpaka kikaota mikwaruzo.

"Ugonile, Daktari," alisalimu kwa Kinyakyusa akiwa bado mlangoni, pumzi zimemwishia. "Kioo chako kina uchafu hautoki."

Daktari Atuganile Mwasomola alikiinua kioo dirishani, akakiinamisha huku na huku, na uso ukamkunjamana.

"Mwalimu, hiki umekisafisha na nini?"

"Kwanza maji ya vuguvugu. Halafu sabuni. Halafu majivu."

"Majivu!"

"Majivu laini, niliyachekecha kabisa. Sufuria zangu zote nazisugua hivyo, zinang'aa mpaka unajitazama uso. Sasa mbona unanikodolea macho?"

Atuganile alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kioo kile kilikuwa na tabaka themanini, kila moja nyembamba kuliko ngozi ya povu la sabuni, na alizipanga kwa mkono wake miaka ishirini iliyopita, enzi hizo hakuna mtu anayemwita Daktari. Kila tabaka lilikuwa na rangi yake ya kufukuza: njano ya taa za barabarani, weupe wa mji wa Mbeya unaopanda nyuma ya milima jua likishazama, na ubuluu wa mabango ya matangazo. Kilichoruhusiwa kupita ni wekundu wa hidrojeni na ukijani wa oksijeni tu, rangi ambazo mawingu ya nyota huwaka kwazo huko mbali. Mpiga picha wa anga katika dunia isiyo na giza hawezi kuzima taa za watu, basi huchagua mwanga wa kuukaribisha. Lakini watu wa uwanda wa Kitulo hawakuwa na habari na tabaka. Kwao kitu kikichafuka, kinasuguliwa kwa majivu, na habari inaishia hapo.

"Haya, uchafu wenyewe uko wapi?"

Mwalimu alifungua khanga, akazipanga picha mezani moja moja. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini kabla ya kurudi kwenye viazi vyake, na hata uchafu aliupanga kwa tarehe. Kila picha ilionyesha wingu lilelile jekundu karibu na mkia wa Nge, lile kundi la nyota, lililopigwa katika nusu saa ya magharibi, kabla taa za mashamba hazijapanda angani. Na katika kila picha, pembeni mwa wingu, palikuwa na nukta nyekundu.

"Ulijaribu kukizungusha kioo?" Atuganile aliuliza. "Uchafu ungezunguka nacho."

"Nimekizungusha, nimekigeuza, na jana kwa hasira nimekipiga kibao. Nukta iko palepale."

Atuganile aliinama. Picha ya kwanza, nukta hafifu. Ya tatu, imekolea. Ya saba, inang'aa kuliko wingu lenyewe. Ya nane, imeanza kufifia. Akahisi nywele za mikono zikimsimama chini ya sweta.

"Mwalimu," alisema taratibu, "kaa kwanza. Nikupe chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi kaa tu."

*

Kituo kilikuwa na picha ya sehemu hiyohiyo, tena iliyopigwa kwa darubini ambayo kioo chake kingeweza kulaza ng'ombe wanne. Atuganile aliifungua kwenye skrini. Wingu lilikuwepo, jekundu, lina mikunjo na mapango, zuri la kumfanya mtu asahau kumeza mate. Pembeni mwake palikuwa peusi. Hapakuwa na nukta.

Akafungua ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Zote safi.

"Unaona?" Mwalimu alisema kwa ushindi. "Yako haina. Kwa hiyo ni kioo changu."

Atuganile alikuwa ameshajua kosa ni la nani.

Juu ya uwanda, kila usiku wa kipupwe, zilipanda taa za mashamba, kila kaya na yake, zikaenda kusimama mbali juu, hewa inakokuwa nyembamba. Zilishusha joto na wekundu juu ya viazi ili jalidi, ule umande unaoganda alfajiri, isiviunguze. Wekundu huo, ambao viazi vinaupenda, ni rangi ileile ya hidrojeni, kwa hiyo kioo cha tabaka themanini kisingeweza kuuzuia bila kuzuia na mawingu ya nyota. Na ili zisichore mistari kwenye picha, taa zilipangwa zitembee polepole pamoja na nyota kuelekea magharibi, huku vioo vyake vikigeuka kulitazama shamba. Ukizitazama kwa darubini, taa ni nukta nyekundu inayokwenda na anga. Nyota nyekundu nayo ni nukta inayokwenda na anga.

Ndipo Atuganile akabuni kichujio hai, kisichokuwa kioo tena bali akili, kilichojifunza anga nzima kutoka picha za kale na kutoa kila ambacho hakimo humo. Upepo uliziyumbisha taa, na kichujio kilipata taabu kuzitambua, mpaka siku moja ya haraka, wageni wakiwa wanasubiri ukumbini, akakiandikia kanuni fupi: nukta yoyote nyekundu isiyokuwepo kwenye picha za kale, ihesabiwe kuwa taa. Kikafanya kazi vizuri sana. Kikanunuliwa na vituo vyote vya dunia. Na kwa miaka tisa hakuna aliyekumbuka kwamba mbinguni nako huwa kunazaliwa vitu.

Mwanga uliotolewa haukupotea papo hapo. Ulikwenda kwenye ghala aliloliita jalala, lililofagiliwa kila mwisho wa mwezi. Hakuwahi kulifungua. Nani anafungua jalala?

Akalifungua.

Mwalimu Gwantwa alisimama nyuma yake, akasahau malalamiko yote. Skrini ilijaa nukta nyekundu, mamia kwa mamia, kaya zote za uwanda zimetawanyika juu ya weusi, kila moja na viazi vyake na watu wake waliolala chini. Na katikati ya zile taa za watu, karibu na mkia wa Nge, ilikuwa nukta ya Mwalimu. Siku kumi na moja ilikuwa imewaka humo, imetupwa pamoja na takataka.

"Hiyo ni nini, Atu?" Mwalimu aliuliza, na udaktari ukamtoka mdomoni.

"Ni nyota inayokufa. Imelipuka. Mwanga huo uliondoka huko kabla mtu yeyote duniani hajapanda kiazi. Umesafiri muda wote huo, umefika, na mimi nimeufuta."

"Wengine hawajaiona?"

"Wengine wote wanatumia kichujio changu."

Mwalimu aliweka kiganja kwenye skrini, akakitoa haraka kama aliyegusa kitu cha mtu bila ruhusa. Atuganile alikuwa na miaka hamsini na mbili na alishaona mengi kupitia darubini, lakini hakuwahi kujihisi mdogo namna ile, na hakuona aibu kujihisi hivyo. Aibu yake ilikuwa nyingine.

*

Kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, Atuganile aliweka kidole kwenye tamko: *Kichujio kinaona anga yote.* Bila kidole chake hakuna taa iliyopanda. Sheria hiyo haikuanguka tu kutoka juu. Zamani uwanda wote uliamriwa ukae gizani kwa ajili ya darubini, nayo jalidi ikala mashamba mwaka baada ya mwaka. Mwalimu Gwantwa mwenyewe aliwahi kupika viazi vya mbegu kwa njaa, na mtu wa Kitulo akikwambia hivyo anatazama chini. Kichujio hai ndicho kilichorudisha taa. Siku kikishindwa, taa zingezimwa mpaka kitengenezwe.

Saa kumi na moja redio ya upepo ilikwaruza. Alikuwa Lusajo Mwandemele, mwenyekiti wa ushirika.

"Daktari, habari za huko juu? Leo baridi itashuka chini ya sifuri nyuzi tatu. Naomba taa zipande mapema kidogo."

Atuganile alikitazama kidole chake. Kama angeweka, angekuwa amesema uongo kwa maandishi, na nyota ile ingeendelea kutupwa jalalani hadi iishe bila dunia kuipima. Asipoweka, kufikia alfajiri uwanda mzima ungekuwa umenyauka, viazi vya kaya mia sita na zaidi, na vya mbegu vikiwemo.

"Weka kidole," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sijaona kitu. Nilikuja kuuliza habari ya majivu."

"Mwalimu, wewe?"

"Mimi, ndiyo. Ninaijua njaa. Hiyo nyota siijui."

"Umeipiga picha siku kumi na moja."

"Nilidhani ni uchafu!" Mwalimu alifoka, kisha macho yakamlenga machozi. "Usinifanyie hivyo, mwanangu. Usinifanye nichague."

Atuganile aliona kwamba Mwalimu ana haki. Hakuna aliyemwandikia ile kanuni siku ile ya wageni. Asimtafute mtu wa kumbebea lawama. Akavuta kiti, akafungua tamko, na chini ya maneno ya sheria akaandika: *Kichujio kina kasoro. Kinafuta nyota mpya. Nimewasha taa kwa sababu ya jalidi, na jukumu ni langu peke yangu.* Akaweka kidole. Kufikia asubuhi wakubwa wangekuwa wameyasoma, na huenda kufikia mchana mwingine angekuwa amekaa kwenye kiti chake. Taa zingewaka usiku huu mmoja. Wa kesho asingeuahidi.

Kisha akachukua redio, akawaambia watu wote wa uwanda ukweli, bila kupamba.

Lusajo alikuwa wa kwanza kujibu. "Miaka tisa unatuambia taa zetu hazidhuru kitu, Daktari. Miaka tisa! Leo ndio unajua?"

"Leo ndio najua."

"Na kesho?"

"Kesho kama sijakitengeneza, watazizima."

"Basi kitengeneze," Lusajo alisema, akakata.

*

Kukitengeneza kulikuwa rahisi kutamka. Atuganile alihangaika nacho tangu taa zilipopanda. Mwalimu alishateremka kwenda kuangalia shamba lake, lililokuwa chini ya kilima. Darubini ilifungua jicho, jalala likaanza kujaa, na Atuganile akalikodolea macho. Nukta moja aliijua kwa sababu Mwalimu aliipiga picha magharibi, kabla taa hazijakuwepo. Lakini zilizobaki? Rangi moja, mwendo mmoja, umbo moja. Aliifuta ile kanuni, kichujio kikamletea anga iliyojaa taa. Akairudisha, kikamletea anga isiyo na kipya. Hakikuwa na namna ya kuuliza nukta: wewe ni wa hapa au wa huko?

Saa mbili na nusu redio ikaita.

"Atu," alikuwa Mwalimu, ananong'ona kana kwamba viazi vitamsikia. "Nimekuzimia taa yangu. Nimeona nisilale na deni la moyo. Upate japo kipande kidogo cha giza."

"Mwalimu, usifanye hivyo! Washa!"

"Nimeshawasha." Akavuta pumzi. "Nilizima nikatoka nje, nikashika majani, nikaogopa. Nikakimbilia swichi. Nusu dakika haikufika. Nisamehe, mimi mwoga."

Atuganile alikuwa akitazama jalala. Nukta moja, karibu na nyingine mia, ilikuwa imetoweka kwa pumzi chache, kisha ikarudi palepale.

"Mwalimu," alisema. "Zima tena. Hesabu ishirini, halafu washa."

"Viazi…"

"Viazi havifi kwa ishirini. Zima."

Ikatoweka. Ikarudi. Atuganile aliigusa kwa kidole kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akaandika jina kando ya nukta: *Gwantwa.* Hiyo ilikuwa taa, hakuna shaka, kwa sababu mwenyewe aliambiwa azime akazima. Hakuna mtu duniani angeweza kuiambia nyota hivyo.

Akampigia mwenyekiti.

"Nataka kila kaya izime taa yake," alianza, na kabla hajamaliza Lusajo alikuwa ameshakasirika. "Kwa hesabu ya ishirini, mwenyekiti! Moja moja. Hii imezimwa, imewashwa, ndipo inafuata nyingine. Una orodha?"

"Orodha ninayo. Mia sita na kumi na mbili." Akahesabu kwa upande wake. "Watu wamelala, Daktari."

"Waamshe."

"Wataniuliza ni kwa nini."

"Waambie naita majina. Kila taa iitike."

Walianza saa tatu. Lusajo alisoma orodha redioni kwa sauti ya mkutano wa hadhara: Mwakalobo, zima. Washa. Mama Tusekile, zima. Mama Tusekile! Haya, washa. Wengine walilalamika, wengine walizima ya jirani kwa makosa wakagombana hewani. Mzee mmoja alikataa katakata mpaka aambiwe kama nyota hiyo ina manufaa kwa mifugo. Bibi mmoja swichi yake ilikuwa imeganda, wakamsubiri, na aliyedai kwamba taa isiyozimika basi ni nyota alicheka peke yake, kisha wakacheka wote.

Atuganile alitoka mara moja kwenye ukumbi wa nje wa kituo, amejifunga blanketi. Uwanda ulikuwa umelala mwekundu chini yake hadi mwisho wa macho, na katika wekundu huo kulikuwa na shamba moja jeusi. Shamba hilo jeusi lilikuwa linatembea. Lilitoka kaya hadi kaya, likapanda vilima, likashuka mabondeni, halikai mahali, na popote lilipopita lilimwachia mwenyewe mwanga wake. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Alisimama akilia kwa furaha mpaka baridi ikamkumbusha kazi.

*

Jina la mwisho liliitwa saa nane usiku kasoro robo. Taa mia sita na kumi na mbili zilikuwa zimeitika. Mwalimu Gwantwa alikuwa amepanda tena kilimani na chupa ya chai, na alikaa kimya akitazama Atuganile akikipa kichujio orodha mpya, yenye majina ya watu badala ya kanuni. Kichujio kikaanza kuzitoa taa jalalani, moja baada ya nyingine, kwa majina yao. Skrini ikazidi kuwa nyeusi.

"Itabaki moja," Atuganile alisema. "Ile yako."

Zilibaki saba.

Atuganile alizihesabu kwa kidole. Akarudia. Akachukua redio.

"Mwenyekiti, kuna taa sita hazijazimwa. Nani hajazima?"

"Zote zimezimwa. Nimeweka alama mwenyewe."

"Labda kuna mwenye taa ya ziada ambayo haimo kwenye orodha. Sikasiriki. Nani hajazima?"

Redio ilikwaruza. Uwanda mzima ulikuwa macho, kila kaya na redio yake kando ya moto, na hakuna aliyejibu.

"Nauliza mara ya mwisho, ndugu zangu. Nani hajazima?"

Mwalimu Gwantwa ndiye aliyeelewa kwanza. Alikiweka kikombe chini, akasimama, akashika bega la Atuganile kwa nguvu. Atuganile naye akaelewa. Nukta sita ambazo hakuna mtu yeyote, wa sasa wala wa kale, aliyewahi kuziona. Hizo ni za mwezi huu tu. Jalala lilikuwa limefagiliwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka tisa, na alichokifagia hakitarudi, hata awe na darubini mara elfu. Uchungu wa jambo hilo ulimpanda kifuani pamoja na furaha, na hakujaribu kuvitenganisha.

Akabonyeza redio.

"Hakuna wa kuzima," alisema mbele ya watu wote. "Nilizihesabia kuwa zenu. Sizo. Hizo saba si zetu."

Lusajo Mwandemele, mwenye orodha ya taa zote za Kitulo, akajibu kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo mkutanoni.

"Basi ziache ziwake, Daktari."